Furaha ya Sikukuu Ipangwe Kabla ya Mwezi Kuandama

Sala ya Idi ikishamalizika na watu wakishapeana mikono, Mji wa Zanzibar huingia katika hali nyingine kabisa. Magari ya shamba huwatoa watu Makunduchi, Nungwi, Chwaka na Donge yakawaleta mjini. Watoto waliovaa nguo mpya, wakiwa na pesa zao za mkono wa Idi, huelekea Mnazi Mmoja na Kariakoo penye mapembea. Jua likishapoa, wakubwa kwa wadogo huteremka Forodhani kwa mishkaki, urojo na maji ya miwa. Ndivyo inavyokuwa sikukuu mosi, na ndivyo inavyoendelea mpaka sikukuu nne.

Wapo wanaoyatazama haya kuwa ni upuuzi na upotevu wa pesa. Sisi hatukubaliani nao. Mkulima wa mwani aliyeinama majini mwaka mzima, mchukuzi wa bandarini na mama anayeuza vitumbua tangu alfajiri wana haki ya kuwaona watoto wao wakicheka siku moja bila ya wasiwasi. Taifa linalowataka watu wake wafanye kazi kwa bidii halina budi kuwapa nafasi ya kufurahi kwa utulivu.

Lakini haki hiyo ina sharti lake, nalo ni mpango. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wanaishi katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Juu ya wakaazi hao, siku ya sikukuu huongezeka wageni kutoka mashamba, Pemba na Bara, na wote huelekea katika viwanja vile vile vichache, kwa barabara zile zile na katika saa zile zile. Umati wa namna hii hauwezi kuachiwa ujiendeshe wenyewe.

Tumekwisha kulipa gharama ya kutopanga. Tarehe 10 Septemba, 2011, siku chache baada ya Idi el Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu mara kadhaa zaidi ya idadi iliyoruhusiwa. Miongoni mwao walikuwemo watu waliokuwa wakirejea makwao baada ya sikukuu. Ripoti ya Serikali ya mwaka 2012 ilionesha kuwa waliofariki na wasioonekana wanapindukia 1,500. Haujatimia mwaka, tarehe 18 Julai, 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam, siku chache kabla ya kuanza kwa Ramadhani. Na huko Tabora, siku ya Idi el Fitri ya tarehe 1 Oktoba, 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa dansi uliojazwa kupita kiasi. Watoto hao walikuwa wamekwenda kusherehekea, kama wanavyokwenda watoto wetu.

Kila linapotokea jambo la aina hii husikika msemo kwamba ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefiwa, wala haukuwekwa uwe ngao ya mtendaji aliyezembea. Meli inayojazwa kupita uwezo wake hujazwa na mtu, mbele ya macho ya watu, kwa tiketi zilizouzwa na mtu. Kumtegemea Mungu ni wajibu wetu, lakini tumefundishwa tangu chuoni kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mwenyewe akatawakali.

Dini yenyewe imetupa mfano ulio wazi. Zakatul-fitri hutolewa kabla ya sala ya Idi, ili maskini naye aipambazukie sikukuu akiwa na chakula ndani ya nyumba. Anayeitoa baada ya sala huhesabiwa kuwa ametoa sadaka tu. Maana yake ni kwamba furaha ya wote hutayarishwa kabla ya siku yake. Kamati inayokutana asubuhi ya sikukuu imekwisha kuchelewa.

Wala asitokee afisa akasema kwamba siku ya Idi haijulikani mpaka mwezi uandame. Mwezi huandama kwa ishirini na tisa au kwa thelathini, na tofauti yake ni siku moja tu. Ratiba mbili zinaweza kuandikwa mapema na moja ikafuatwa.

Wapo pia watakaolalamika kwamba kuwazuia abiria waliozidi ni kuwanyima watu sikukuu na jamaa zao. Malalamiko hayo yana uzito, na jawabu lake ni kuongeza safari kabla na baada ya sikukuu, ili anayeachwa leo awe na hakika ya kesho. Mtu akishakuwa na hakika hiyo hatapigania ngazi ya meli.

Kwa hiyo tunazitaka mamlaka zinazohusika zihesabu abiria wanapopanda, na chombo kilichojaa kisiondoke mpaka waliozidi wameteremshwa. Mapembea yakaguliwe na mafundi kabla ya watoto kuyapanda. Kila kiwanja kiwe na njia za kutokea zilizo wazi, mahali pa huduma ya kwanza, na mahali panapojulikana pa kupeleka watoto waliopotezana na wazee wao. Na askari na wauguzi wanaobakia kazini siku hiyo wapewe mapumziko yao baadaye, kwani nao wana watoto wanaowangojea.

Jambo la mwisho ni la usawa. Mtoto wa Micheweni au wa Kizimkazi hana sababu ya kusafiri mwendo mrefu ili apate kupanda pembea. Viwanja vya mjini vibakie na hadhi yake, lakini kila wilaya iwe na kiwanja chake cha watoto, kilicho salama na chenye taa. Hilo litapunguza msongamano mjini na litaifikisha sikukuu kwa wasio na nauli.

Wazee nao wasiwaachie watoto wadogo waongozane peke yao hadi usiku, na kila abiria akatae kupanda chombo anachokiona kimejaa. Masheha wanawajua watu wao. Wayaseme haya mabarazani kabla ya mwezi kuandama. Wananchi wameifanya kazi yao mwaka mzima. Kazi ya viongozi ni kuhakikisha kwamba aliyetoka nyumbani kwake kwenda kusherehekea anarejea salama jioni.