Moteri mpya ikipiga risasi, tusikimbilie kabureta

Kalemie. Wiki iliyopita, asubuhi, mlio mkali ulisikika karibu na njia inayoshuka kuelekea bandari. Mama mmoja aliyekuwa akipanga samaki aliinama chini, watoto wakakimbia. Hapa kwetu watu wanaujua mlio wa silaha, hakuna anayengoja kuuliza. Kumbe ilikuwa Toyota Hilux ya zamani, ya esansi na kabureta, iliyotoka garaji siku mbili tu baada ya moteri kufanyiwa ukarabati wote.

Mwenye gari ni jirani yangu. Gari hilo ndilo linalolipa karo za watoto wake: linabeba mihogo na makaa kutoka upande wa Nyunzu. Alikuwa amelipia pistoni, ringi na kuchongwa kwa kichwa cha moteri. Gari likawaka, lakini halina nguvu, linatetemeka likisimama, na ukikanyaga esansi linapiga chafya kupitia kabureta. Fundi akasema: "Kabureta imekufa." Jirani akanunua nyingine, ikaja kwa boti kutoka Kigoma. Hali ikabaki ileile. Akaambiwa anunue ya tatu.

Hapo ndipo nasema mafundi wetu, ninaowaheshimu sana, wanakosea, na sisi wenye magari tunawasaidia kukosea.

Tujiulize swali moja. Kabla ya moteri kufunguliwa, kabureta ile ilikuwa inafanya kazi? Ilikuwa inafanya kazi. Basi ugonjwa uliozaliwa garaji utafutwe kwanza katika vile vilivyofunguliwa garaji: supapu, mnyororo, delko, nyaya za buji, gasketi. Kabureta ihukumiwe mwisho.

Moteri ya esansi ni kama pampu. Pistoni ikishuka inavuta hewa, na mvuto huo unapimwa kwa geji ndogo inayounganishwa kwa mpira kwenye njia ya hewa, chini ya kabureta. Vitabu vinasema moteri nzima ikizunguka polepole, gari likiwa limesimama, inaonyesha inchi 17 hadi 22 za zebaki. Lakini hayo ni mahesabu ya pwani ya bahari. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na kila mita 300 unazopanda zinaondoa kama inchi moja. Kwa hiyo hapa Kalemie, 15 hadi 19 ni afya. Fundi asiyejua hilo anaweza kutibu gari lisiloumwa.

Geji inasema mengi. Mshale ukitulia lakini chini, kwa mfano kwenye 10, angalia kama delko imechelewa, kama mnyororo umekosewa jino moja, au kama hewa inaingia kwenye gasketi. Mshale ukidondoka kidogo kila mara kwa mpango uleule, kuna supapu isiyofunga vizuri.

Gari la jirani lilikuwa na hilo la pili. Fundi mzee alikuja na geji yake, akaangalia mshale, kisha akaomba vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Supapu zilipokuwa zikisagwa zilizama kidogo kwenye viti vyake, mashina yakapanda, nafasi ikakwisha. Hakuna aliyeipima upya. Supapu mbili za kuingiza hewa zilikuwa hazifungi kabisa, moto ukarudi nyuma kwenye kabureta. Kwa moteri ile ya 22R nafasi ni milimita 0.20 upande wa kuingiza na 0.30 upande wa kutoa moshi, moteri ikiwa ya moto. Kazi ilichukua muda mfupi wa asubuhi. Hakununuliwa kipande hata kimoja.

Wengine watasema: ni esansi tu inapotea, shida iko wapi? Shida ni breki. Katika magari haya breki zinasaidiwa na mvuto huohuo wa moteri. Mvuto ukipungua, pedali inakuwa ngumu, na gari lenye tani ya mihogo linashuka mlima kuelekea watu. Shida ya pili ni moto. Nimeona kijana wa garaji akimimina esansi kwa chupa ndani ya kabureta, kifuniko cha hewa kimetolewa, huku moteri inapiga chafya. Chafya moja inatosha kuunguza uso wa mtoto wa mtu.

Najua mafundi watajibu: mteja hapendi kulipia kupima, anapenda kulipia kipande anachokiona kwa macho. Ni kweli, na lawama hiyo ni yetu. Tunamkimbiza fundi, tunataka gari jioni, halafu tunalipa mara tatu.

Napendekeza hivi. Garaji zilizo jirani zichange zinunue geji moja ya mvuto na moja ya kupima kompresyo. Bei yake haifiki ya kabureta moja. Fundi anaporudisha moteri iliyokarabatiwa, aandike kwenye karatasi: kompresyo ya kila silinda, nafasi ya supapu, mvuto gari likiwa limesimama. Na wewe mwenye gari, usimalize kulipa kabla ya kuiona karatasi hiyo, na ulipie kazi ya kupima bila kunung'unika.

Jirani yangu amerudi njiani. Kabureta mbili ziko chini ya kitanda chake, zote nzima. Anatafuta mnunuzi.