Mkristo na lumbesa wapi na wapi?



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na ni Mkristo. Nataka kusema na Wakristo wenzangu, nikianzia na nafsi yangu.

Huku kwetu Songea vihenge vingi huwa vitupu kati ya Desemba na Machi. Hapo ndipo mwenye fedha humpa mkulima mwenye shida senti chache, kwa ahadi ya kulipwa gunia la mahindi wakati wa mavuno. Mavuno yakifika, gunia lenyewe si gunia tena, ni lumbesa. Badala ya madebe sita hujazwa saba au manane, likavishwa kilemba na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza jambo hili; gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100. Hata hivyo lumbesa zipo, na wanaozifunga si watu wasiomjua Mungu. Wengi wetu tumebatizwa, na wengine tunaimba kwaya.

Januari 2022 mimi mwenyewe nilimpa mzee mmoja jirani yangu Sh. 30,000 alipouguliwa na mjukuu. Tulipatana gunia moja. Mwezi Julai nilikwenda na debe langu, nikapima manane, naye hakusema neno. Gunia lile nililiuza kwa zaidi ya mara mbili ya fedha niliyotoa. Nilijiona mjanja. Sikuona kwamba nimemnyonya mtu, maana kila mwenye fedha kijijini alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Jumapili ya tarehe 18 Septemba mwaka huo ilikuwa zamu yangu kusoma somo la kwanza kanisani. Lilikuwa Amosi sura ya 8. Humo nabii anawakemea wafanyabiashara wanaoona Sabato inachelewa kwisha, wapate kufungua ghala, kupunguza kipimo, kupandisha bei na kuchezea mizani. Nilisoma kwa sauti kubwa, na mzee yule alikuwa ameketi benchi la tatu. Tulipotoka nje nilimpa shikamoo. Akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, leo umesoma vizuri." Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinihukumu. Usiku ule sikupata usingizi.

Ndugu Wakristo, tukisema tunaliamini Neno la Mungu, tunaliamini mpaka wapi? Mambo ya Walawi sura ya 19 inatuamuru tumpende jirani kama nafsi zetu. Sura hiyo hiyo, mwishoni, inaamuru mizani ya haki na vipimo vya haki. Ile ya kwanza tunaikariri tangu utoto. Hii ya pili tunaipita kama hatukuiona. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inamkataza mtu kuwa na mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Sisi hatuna mawe, tuna madebe mawili: la kununulia na la kuuzia lililobonyezwa ubavuni.

Wapo watakaosema kwamba dini ni dini na biashara ni biashara, na tena mkulima alikubali mwenyewe. Je, mtu mwenye mgonjwa ndani anakubali, au anakubalishwa na shida? Wengine watasema kwamba asiyefunga lumbesa atapata hasara. Hilo ni kweli, wala sitawadanganya. Zakayo naye alipata hasara. Katika Luka sura ya 19 hatusomi kwamba alifunga au alisali sana. Tunasoma kwamba alitaja fedha: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Mimi sikufika kiwango cha Zakayo. Nilimrudishia mzee madebe mawili yaliyozidi, na nusu ya faida niliyopata. Kabla ya kupokea alileta debe lake akapima upya, mbele yangu. Sikumlaumu. Imani niliyoivunja kwa debe hairudi kwa maneno.

Nawaomba viongozi wetu wa dini walihubiri jambo hili waziwazi wakati wa mavuno, si kutuomba sadaka ya mavuno tu bila kuuliza imetoka katika gunia la namna gani. Nazishauri jumuiya ndogondogo za Kikristo kila kijiji ziwe na mzani mmoja uliokaguliwa, ambao jirani yeyote, wa dini yoyote, anaweza kuutumia. Ndugu zetu Waislamu nao wana sura ya 83 katika Kurani inayowaonya wanaopunja vipimo, kwa hiyo hapa hatuna la kubishana.

Darasani nawafundisha watoto kwamba gunia ni madebe sita. Haifai mtoto ajifunze hesabu hiyo kwangu asubuhi, kisha jioni anione kwao nikimpimia baba yake manane.

Mwalimu wa Kijijini,
Songea.