Ukumbi wa Umma Si Sebule ya Mtu

Mwaka 1985, huko Omaha, Nebraska, mwanafunzi wa sekondari ya Westside aliomba kuanzisha kikundi cha kusoma Biblia baada ya vipindi. Uongozi ukakataa, eti shule ya umma haichanganywi na dini. Sawa, ila shule hiyohiyo ilikuwa na klabu ya sataranji na hata ya kupiga mbizi. Nebraska, jamani, bahari iko wapi?

Marekani walishatunga sheria ya jambo hili mwaka 1984. Shule ya sekondari ya umma inayopokea fedha za serikali kuu, ikiruhusu kikundi kimoja tu cha wanafunzi kisichohusiana na masomo kukutana nje ya vipindi, haiwezi kukinyima kingine kwa sababu ya dini, siasa au falsafa yake. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ikampa ushindi yule binti, majaji wanane kwa mmoja.

Hadi hapo mimi napiga makofi. Sasa twende Salt Lake City, 1996. Wanafunzi wapenzi wa jinsia moja na marafiki zao wakaomba klabu yao kwa sheria ileile. Bodi ya shule ikaona haiwezi kuwakataa peke yao, hivyo ikafuta klabu zote zisizo za masomo. Wote wakakosa, mpaka mwaka 2000 zilipoanza kurudishwa. Huo ndio udhaifu wa sheria yenyewe: inakataza kubagua, haikatazi kufunga. Na mwenye funguo akishakasirika, usawa wa kunyimwa nao ni usawa.

Kwetu Ibara ya 20 ya Katiba inatupa uhuru wa kukutana na kujumuika. Haisemi funguo za ukumbi anashika nani. Muhula uliopita kikundi chetu cha midahalo kiliambiwa mara tatu kwamba ukumbi "umejaa". Tukapita jioni, taa zimezimwa, viti vimepangwa, hakuna mtu. Nani alijaza? Hatukuambiwa, na hakuna karatasi ya kukatia rufaa.

Wagombea wa serikali ya wanafunzi wanaahidi intaneti na chakula bora. Mimi kura yangu naitoa kwa atakayeniahidi vitu viwili: ratiba ya ukumbi ibandikwe ubaoni kila Jumatatu, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi, iwe kwaya, chama cha siasa, au watu sita wanaotaka kucheza sataranji.