Gari ya Mwenyewe, Vyuma vya Wanachama



Imetufikia khabari, nasi tumekwenda kuithibitisha kwa macho yetu wenyewe, ya kwamba gari ya pili iliyokodiwa kwa kazi za chama imo uani kwa fundi tangu Jumatatu, na pembeni mwake vimepangwa chuma kikubwa cha mbele, winchi, keria ya juu, taa mbili za kumulika mbali, betri ya ziada na vipaza sauti vinne. Vyote hivyo vimenunuliwa kwa fedha za michango yenu. Gari yenyewe si ya chama. Ni ya mtu, ametukodisha kwa miezi sita, na muda ukimalizika ataichukua. Twauliza: siku atakayokuja kuichukua, vyuma vyetu vitakwenda wapi?

Hatuulizi kwa fitina. Twauliza kwa kuwa tumeshaumwa mara moja, na aliyeumwa na nyoka hana haja ya kufundishwa ung'ong'o. Gari ya kwanza ilipofika, wakubwa wetu wa kamati waliiona tupu, wakasema haina haiba. Ikachomewa keria, ikatobolewa paa pahala panane kwa ajili ya vipaza sauti, ikatiwa taa. Ilipendeza, hapana ubishi. Watoto waliifuata mbio kila ilipopita. Muda ulipokwisha, wakili wa mwenye gari alikuja na karatasi mkononi, kurasa nne za Kiingereza, akatuonyesha ukurasa wa tatu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuusoma. Humo imeandikwa ya kwamba kila kilichofungwa juu ya gari bila ya idhini ya maandishi huwa ni cha gari, na ya kwamba aliyekodi atairudisha gari kama alivyoipokea. Tulipolalamika alijibu kwa upole kabisa, "Mabwana, sahihi hii ni yenu." Keria ikenda na gari. Taa zikenda na gari. Kisha matundu manane ya paa yakakatwa katika dhamana yetu. Tulikwenda kudai, tukarudi tunadaiwa.

Na fedha hizo zilikuwa za nani? Kisanduku cha tawi hukaa juu ya kaunta yetu, kwa hiyo sisi twajua kuliko wengi. Twamjua bibi anayeuza mandazi, ambaye kila Alkhamisi hutia shilingi mia tano, na asipokuwa nayo huomba radhi kana kwamba ametukosea. Twawajua wavuvi, na wachuma karafuu wanaotoa msimu ukiwa mwema na hutoa pia msimu ukiwa mbaya. Hawa hawakutoa ili mtu mwenye gari zake kumi apate keria ya bure. Lau wangaliambiwa hivyo, wangalinunulia wajukuu zao madaftari.

Yatushangaza zaidi kwamba jambo hili limetokea miongoni mwa watu waliosomeshwa. Wengi wetu katika kamati tumekaa juu ya mkeka wa chuoni, tukasomeshwa mlango wa ijara. Ijara ni kuuza manfaa kwa muda unaojulikana na kwa ujira unaojulikana, na dhati ya kitu hubaki kwa mwenyewe. Mkono wa aliyekodi ni mkono wa amana: kitu kikiharibika pasina yeye kuvuka mpaka wala kuzembea, hana la kulipa, akivuka mpaka, dhamana ni yake. Imamu Nawawi katika Minhaji ameupigia mfano mnyama wa kukodi. Aliyemkodi kwa kubeba ratili 100 akampakia 110 huwajibika kwa ujira wa ile ziada, na mnyama akifa kwa sababu hiyo, hali mwenyewe hayupo naye, humlipa. Basi badilisheni mnyama mweke gari, badilisheni ratili mweke chuma cha mbele na winchi, muone kama mas-ala haya hayakuandikwa kwa ajili yetu.

Kadhalika mwenye kujenga juu ya ardhi ya mwenziwe. Aliyejenga kwa idhini ana haki katika jengo lake. Aliyejenga bila ya idhini huambiwa ang'oe, asawazishe, na alipe alichokiharibu. Hayo si ya vitabuni tu. Visiwa hivi vimeyaonja. Ng'ambo ya mji wa Unguja ilijaa nyumba ambazo fito zake, udongo wake na makuti yake yalikuwa ya wakaazi, na ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya wengine. Kodi ya ardhi ilipopandishwa na watu wakatishwa kutolewa, mwaka 1928 wakaazi waligoma kulipa. Na mashamba nayo: aliyekaa katika shamba la mtu aliruhusiwa kulima muhogo na mtama, lakini mkarafuu au mnazi hakuupanda ila kwa ruhusa, kwa maana mti una mizizi na una mwenyewe, na kila upande ulijua kuwa anayepanda mti ameanza kudai. Wazee wetu, ambao baadhi yao hawakujua kutia sahihi, waliipima tofauti baina ya muhogo na mnazi kabla ya kushika jembe. Sisi wenye kalamu mifukoni twachomea keria kwanza, khalafu ndipo twatafuta mtu wa kutusomea karatasi.

Sisi tulio madukani twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mtu hukodi mlango wa duka, akatoa na kilemba juu yake, akatia rafu. Mwenye akili hutia rafu za kusimama peke yake, zikawa mali yake atakapohama. Asiye na akili huzipigilia ukutani na kuzijengea kwa saruji, kisha siku ya kuhama hulia mlangoni.

Sasa tuingie katika vyuma vyenyewe, kwani tumesikia hoja tatu nasi tutazijibu.

Wasema ya kwanza ni usalama: gari isiyo na chuma cha mbele ni hatari. Vyuma hivi vilipata umaarufu wake Australia, ambako dereva husafiri usiku masafa marefu na kangaruu huruka mbele ya taa. Je, Pemba kuna kangaruu? Tuliye naye ni paa wa msitu wa Ngezi, naye hafiki kilo kumi. Anayevuka barabara zetu usiku ni mtoto anayetoka madrasa, na mzee anayerudi msikitini. Chuma kigumu kilichosimama mbele ya gari humwumiza mtu aliyegongwa kuliko bodi ya gari inayobonyea, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya mwaka 2005 ulitoa sheria ya kudhibiti vyuma hivi kwa ajili ya wanaokwenda kwa miguu. Sisi twavinunua kwa michango ya hao hao wanaokwenda kwa miguu.

Juu ya hayo, chuma cha namna hiyo pamoja na winchi yake uzito wake hukaribia kilo 100, nao wote waning'inia mbele ya magurudumu ya mbele. Springi hulala, usukani hubadilika, na gari haifungi breki kama ilivyotoka kiwandani. Kisha juu ya paa tunaweka keria, na juu ya keria madumu manne ya maji ya lita 20, nazo ni kilo 80 za maji matupu, na juu ya madumu vijana sita na bendera zao. Anayeijua milima ya Pemba na udongo wake mwekundu wakati wa masika hana haja ya kuelezwa litakalotokea penye kona. Kila gari ina kiwango cha uzito kilichowekwa na waliyoiunda, juu ya paa na kwa jumla. Hatukumwona mtu wa kamati aliyeuliza kiwango hicho. Tumewaona watatu waliouliza rangi.

Taa nazo zina yake. Taa mbili za wati 100 kila moja, katika gari ya volti 12, huvuta karibu ampea 17. Waya mwembamba hauchukui umeme huo: hupata moto, ngozi yake ikayeyuka, na kama hapana fyuzi karibu na betri, gari huungua. Katika gari ya kwanza fundi alikata waya wa kiwandani, akaunga wake na kufunga utepe mweusi. Tulisalimika kwa qudra ya Mwenyezi Mungu, si kwa hadhari yetu. Na lau ingaliungua, mwenye bima angaliuliza swali moja tu: je, mabadiliko haya mlitwambia? Bima ni mkataba wa kuambiana kweli, na aliyeficha jambo kubwa amempa mwenziwe mlango wa kutokea.

Hoja ya pili ni kwamba wapinzani wetu gari zao zimepambwa, nasi tukipita na gari tupu tutachekwa. Hii ndiyo hoja yenyewe khasa, na zile nyengine ni nguo zake. Walakini wale wana gari zao. Mwenye ng'ombe humpiga nakshi pembe apendavyo. Aliyeazima ng'ombe wa kulimia akaanza kumtia dhahabu pembeni, watu humcheka zaidi.

Ya tatu ni kwamba safari hii tutavifungua kabla ya kurudisha. Tunaikubali hoja hii kwa nusu, na hatuoni haya kusema hivyo. Kitu cha kufunga kwa mikanda au kwa vibanio, bila ya kutoboa wala kuchomea, hutoka kama kilivyoingia. Vipaza sauti vikae juu ya keria ya kubana iliyo yetu, iliyoandikwa katika daftari la mali za chama. Betri ya pili ikae ndani katika sanduku lake na kufungwa mikanda, ichajiwe ofisini. Kazi ya chama ni sauti ifike kijijini, na sauti haikuzwi na tundu la paa. Lakini chuma cha mbele na winchi haviingii kwa vibanio. Huvunjiwa bampa, hutobolewa chesi, na tundu lililotobolewa katika chesi kwa hewa yetu hii ya chumvi huanza kutu kabla ya msimu kwisha. Na winchi hiyo tutaifunga wapi tutakapokwama? Katika mkarafuu wa mtu?

Wala hatusemi gari hizi zisikodiwe. Zipo njia zetu ambazo gari ya magurudumu mawili ya kuvuta haipandi masika, na mgonjwa au wakala wa chama hawezi kungoja jua. Tunasema kikodiwe kinachohitajika, nacho kitumike kama kilivyokodiwa. Kama kamati ina hakika kwamba winchi ni dharura, basi imwandikie mwenye gari, na yeye ajibu kwa maandishi: anaruhusu au haruhusu, na muda ukisha, itang'olewa na nani, kwa gharama ya nani, na itakuwa mali ya nani. Ndiyo hayo tu. Karatasi moja, sahihi mbili na mashahidi.

Tunaitaka kamati, kwa heshima zote inazostahiki, ije na mkataba wa gari hii katika mkutano wa tawi Ijumaa baada ya laasiri. Mkataba usomwe wote, kwa Kiswahili, ukurasa wa tatu usomwe mara mbili. Zije na stakabadhi za vyuma vyote, kwa kuwa mwuza vyuma ametueleza kwamba atavipokea na kurudisha fedha ikiwa havijafungwa. Vikishatiwa nati moja tu, hatavipokea.

Fundi tumesema naye. Amekubali kungoja mpaka Jumamosi asubuhi, lakini ametwambia wazi kwamba ana gari nyingine zinazosubiri ua wake, na kwamba alama za pa kutoboa ameshazichora kwa chaki.