Wakili Hatetei Wizi, Anakutetea Wewe

Keti kwa steji yoyote ya boda hapa Kitale, ama ushuke Bungoma pale Kanduyi, useme kuna jamaa ameshikwa na amepata wakili. Utaskia tu: "Kama hana makosa, wakili ni wa nini?" Mimi naona hiyo fikra ndiyo inatufungisha, hasa sisi vijana tusio na pesa.

Sina digrii ya sheria. Sina digrii yoyote, chuo niliacha. Lakini Katiba ya 2010 haikuandikiwa wenye digrii. Ibara ya 49 na ya 50 unaweza kusoma kwa simu ukingoja matatu ijae.

Tuanze na swali la kila mtu: wakili anawezaje kumtetea mtu aliyefanya kosa? Kuthibitisha kosa ni kazi ya upande wa mashtaka, na lazima wathibitishe bila kuacha shaka ya maana. Wakili anawauliza tu: shahidi alisimama wapi? Kulikuwa na giza kiasi gani? Hiyo simu mliipata kwa nani? Haruhusiwi kudanganya korti. Ushahidi ukiwa sawa utasimama hata akiuliza maswali mia. Ukianguka, basi hakuna mtu angefaa kufungwa kwa ushahidi kama huo, na kesho huyo mtu anaweza kuwa wewe.

Halafu tunasahau haraka. Juni 2024, vijana waliposhikwa kwa maandamano ya Mswada wa Fedha, mawakili wa LSK, Faith Odhiambo akiwa rais wao, walizunguka vituo vya polisi wakiwatafuta. Tuliwaita mashujaa. Lakini ni kazi ile ile wakili anafanya Jumanne asubuhi kwa msee aliyeshtakiwa kuiba kuku. Huyo wa kuku tunamuitia wakili wake mwizi.

Kuna waliokufa kwa kazi hii. Juni 2016, wakili Willie Kimani alikuwa anamtetea Josephat Mwenda, mwendesha boda aliyemlalamikia polisi kwa kumpiga risasi. Walipotoka korti ya Mavoko walitekwa pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri, wakauawa wote watatu. Mwaka wa 2022 Mahakama Kuu iliwapata na hatia maafisa watatu wa polisi na raia mmoja. Kimani alikuwa anamtetea mtu wa nduthi, kama hawa wetu wa steji.

Sasa mambo ya kushika.

Ukikamatwa, lazima uambiwe sababu kwa lugha unayoelewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuongea na wakili. Kuomba wakili si kukiri. Ni sawa na kuvaa helmeti, haimaanishi umepanga kuanguka.

Unafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Lakini ukishikwa Ijumaa jioni, hizo saa zikiisha korti imefungwa, utapelekwa siku inayofuata ya korti, yaani Jumatatu. Kama hujafika miaka 18, usiwekwe seli moja na watu wazima.

Bondi ya polisi haiuzwi. Ukilipa dhamana ya pesa, hiyo si faini wala chai: dai risiti, uiweke vizuri, na ukihudhuria kesi mpaka mwisho unarudishiwa.

Na hii ndiyo kubwa zaidi. Kuna ushauri unapewa seli, wakati mwingine hata na jamaa zako: "Kubali tu kosa, upigwe faini kidogo, uende nyumbani." Ukikubali kosa mbele ya hakimu na ukahukumiwa, huwezi tena kukata rufaa ukisema hukufanya. Unaweza kulalamikia adhabu pekee, na una siku 14. Baadaye unaomba kazi, wanataka cheti cha polisi cha tabia njema, na hapo ndio unajua haikuisha. Kama hukufanya, ama huelewi shtaka, sema hivyo kwa sauti. Omba mkalimani kama unataka Kibukusu, ni haki yako.

Najua mtasema wakili ni doo. Ni kweli, na hapo serikali ina deni letu. Ibara ya 50 inasema serikali ikupe wakili kwa gharama yake ikiwa bila yeye haki itavurugika sana. Sheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Lakini kijana wa Kiminini au Chwele hawezi kuomba kitu ambacho hajawahi kuambiwa kipo. Mwambie hakimu, mapema, kabla kesi ianze: sina uwezo, naomba wakili.

Kwa hivyo mtu wako akishikwa wikendi hii, usianze na "alifanya ama hakufanya". Uliza yuko kituo gani, ameandikiwa kosa gani kwa OB, na nani anaenda kumwona. Hayo mengine ni kazi ya korti.