Mfuko mwepesi Nzaui sawa, Shipton hapana

Anayekwenda kupiga kambi karibu na Kalamba, chini ya kilima cha Nzaui, hana haja ya kujitwisha mfuko wa kulalia wa baridi kali. Ukambani ni nchi ya joto, na kwa miezi mingi mfuko wa kiangazi usiofika kilo moja unamtosha mtu. Tena usiku mwingine atafungua zipu hadi magotini, ajifunike kama shuka tu.

Kasheshe ni Juni na Julai. Ukungu hushuka, manyunyu huweza kudondoka, na mfuko uliojazwa manyoya ya bata ukilowa hunywea, ukashikana mabonge kama mto wa zamani. Ule wa nyuzi za sintetiki ni mzito kidogo, lakini hata ukipata unyevu haupotezi joto lote.

Kosa la wengi liko chini ya mgongo. Uzito wa mwili huukandamiza mfuko, hewa inayotunza joto ikatoka, na ardhi ikamnyonya mtu joto usiku kucha. Mkeka wa sponji, hata mwembamba, husaidia kuliko blanketi la pili juu. Leso moja ndani ya mfuko nayo si haba: asubuhi inafuliwa peke yake, mfuko unabaki safi.

Ila mfuko huohuo usipelekwe kambi ya Shipton, Mlima Kenya, mita 4,200 hivi. Hewa hupoa takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na huko maji ya chupa huweza kuganda hemani.