Rafiki wa Marehemu Naye ni Mfiwa



Hivi karibuni tulimzika kijana wa miaka 16 wa mtaani kwetu Mlandege. Kazi yangu katika kamati ya msikiti ilikuwa kutangaza msiba, kutafuta gari za kwendea Mwanakwerekwe na kusimamia majamvi. Baada ya maziko, watu walipanga safu kumpa baba mkono wa taazia, kisha ami na kaka za marehemu. Nilipokuwa nikikunja jamvi la mwisho nilimwona kijana amekaa peke yake kwenye ngazi za msikiti. Alikuwa rafiki wa marehemu tangu wakiwa wadogo chuoni. Hakuna aliyempa mkono, nami nikiwemo. Nilimwambia tu, "Mdogo wangu, hebu shika upande ule wa jamvi."

Usiku ule niliikumbuka filamu ya Kenya iitwayo Supa Modo, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina. Wapo watakaouliza katibu wa msikiti ana haja gani na filamu. Haja yangu ni mafunzo. Jo, mtoto wa miaka 9, ana maradhi yasiyotarajiwa kupona. Mama yake anamrudisha nyumbani na angependa apumzike kitandani. Dada yake anaona mtoto anahitaji kucheza. Mwishowe kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kinashirikiana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye mwenyewe. Sikubaliani na kumwaminisha mtoto kwamba ana nguvu za miujiza, kwani mtoto naye ana haki ya kuambiwa kweli kwa upole. Lakini kijiji kile kilifahamu jambo tulilolisahau sisi: huzuni haikuachiwa mama peke yake, na kila aliyempenda Jo alipata la kufanya.

Sisi tuna mfano bora zaidi. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa shahidi katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikwenda nyumbani kwake akataka aletewe watoto wake. Aliwakumbatia, macho yake yakitoka machozi, kisha akaagiza watu wa nyumba ile wapikiwe chakula. Na Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alipofiwa na ndege wake mdogo, Mtume alimwona amehuzunika, akamsemesha kwa upole kumuuliza habari za ndege yule. Ikiwa mtoto aliyefiwa na ndege aliulizwa hali yake, vipi aliyefiwa na sahibu yake?

Mirathi ina mafungu yaliyoainishwa, huzuni haina. Basi mzazi, mwanao akifiwa na rafiki, usimwambie kwamba mwanamme halii, kwani Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Mpeleke maziko, mwache ashike jeneza, mfundishe kumwombea dua mwenzake na kumtolea sadaka. Muulize tena baada ya wiki, na baada ya mwezi, maana vijana wengi hulia watu wakishatawanyika. Ukiona hali wala halali, au ameichukia skuli, usimwache peke yake. Tafuta msaada mapema.

Siku ya pili, baada ya Magharibi, nilikaa na kijana yule kwenye ngazi zile zile. Nilimpa mkono wa taazia na kumtaka radhi kwa kuchelewa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema ana daftari la marehemu aliloliazima na hajui amrudishie nani. Tulikwenda pamoja kwa mama wa marehemu. Alilipokea, akalifungua, akaitazama hati ya mwanawe. Kisha akamkalisha kijana karibu yake, akaanza kumuuliza habari za mwanawe ambazo yeye, mama mzazi, hakuwa akizijua.

Mwenyezi Mungu awarehemu vijana wetu waliotangulia, na awape subira wazazi wao na masahibu zao. Amin.